Nilifilisika kwa Chapta 7 mwaka 2023, sasa nataka mkopo wa nyumba ya kwanza hapa Ohio. Nianzie wapi?

Mama Neema, Columbus (11 Januari 2026)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za majumbani. Naomba mnielekeze kuhusu mkopo wa nyumba ya kwanza kwa mtu aliyewahi kufilisika. Naweka takwimu zote hapa ili anayejua apige hesabu bila kubahatisha.

Shauri la Chapta 7 (ufilisi wa kufutiwa madeni) lilifunguliwa 20 Novemba 2023. Amri ya mahakama ya kunifutia madeni ilitoka 12 Machi 2024. Sikuwa na nyumba wakati huo. Gari nililibakiza kwa kusaini upya mkataba wa deni lake. Nalipa dola 380 kwa mwezi na imebaki miezi 26. Mkopo wa chuo wa serikali, dola 18,000, haukufutwa, na kwa sasa malipo yake ya mwezi yanasoma sifuri.

Mshahara wangu ni dola 4,900 kwa mwezi kabla ya makato, mwajiri yuleyule kwa miaka minne. Ovataimu ilikuwa dola 12,000 mwaka 2024 na 19,200 mwaka 2025. Alama za mikopo alizovuta mkopeshaji mmoja ni 612, 628 na 641. Nina kadi moja ya mkopo ya dhamana, kikomo dola 300, huwa inakaa na deni la kama 240. Kuna deni la dukani la dola 2,150 lililokuwa ndani ya ufilisi, lakini Equifax, moja ya kampuni tatu za ripoti za mikopo, bado wanaonyesha nadaiwa.

Akiba benki ni 7,500. Februari zamu yangu ya upatu inafika (mume wangu huita likelemba), dola 6,000. Kodi ya nyumba ni 1,450, tunamlipa mwenye nyumba taslimu na anatupa risiti.

Mimi ni raia. Mume wangu aliingia kama mkimbizi, grini kadi bado haijatoka. Anafanya kazi ghalani, 3,400 kwa mwezi. Nyumba tunazolenga ni za kama dola 240,000. Nimeambiwa nisubiri miaka 10 mpaka ufilisi utoke kwenye ripoti. Ni kweli?

---

Msoma Mafaili

Dada, si kweli. Hapo watu wanachanganya mambo mawili. Miaka 10 ni muda ambao Chapta 7 inaruhusiwa kuonekana kwenye ripoti yako ya mikopo, na unahesabiwa tangu siku shauri lilipofunguliwa. Muda wa kusubiri mkopo wa nyumba ni kanuni nyingine kabisa, na huo unahesabiwa tangu siku madeni yalipofutwa. Kwa hiyo tarehe yako ya kushika ni 12 Machi 2024.

Kwa mkopo wenye bima ya FHA (shirika la serikali kuu linalomkinga mkopeshaji usipolipa) unasubiri miaka 2. Kwa mkopo wa kawaida unaofuata kanuni za Fannie Mae (kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji), miaka 4. USDA, ule wa maeneo ya mashambani na miji midogo, miezi 36. VA ni miaka 2, lakini huo ni wa waliotumikia jeshi. Kwako basi FHA inafunguka 12 Machi 2026, na mkopo wa kawaida 12 Machi 2028. Kuna njia ya kufupisha muda kama ufilisi ulisababishwa na jambo lililokuwa nje ya uwezo wako, mfano ugonjwa mzito au kifo cha mtafuta riziki wa nyumba. Wewe umebakiza miezi miwili, usipoteze nguvu huko.

Kinachowaangusha wengi kwenye tarehe ni hiki: FHA hawaangalii siku ya kusaini nyumba, wanaangalia siku namba ya kesi ya FHA inapotolewa. Hiyo si namba ya mahakama. Ni namba ambayo mkopeshaji anaiomba akishakuwa na anwani ya nyumba mahususi. Ikitolewa 10 Machi, faili lako linahesabiwa halijafika miaka 2, hata kama mtasaini Mei. Mwambie mkopeshaji kwa maandishi asiiombe kabla ya 12 Machi. Kutafuta nyumba na kupata barua ya kukubaliwa kwa awali unaweza kuanza hata Februari.

Sasa hesabu. Ovataimu inachukuliwa ile iliyo ndogo kati ya wastani wa miaka miwili na wastani wa mwaka wa mwisho. Miaka miwili: 31,200 gawa kwa miezi 24 ni 1,300. Mwaka wa mwisho: 1,600. Wanachukua 1,300, hivyo pato lako ni 6,200 kwa mwezi.

Nyumba ya 240,000, malipo ya awali asilimia 3.5 ni 8,400. Mkopo unabaki 231,600. FHA inaongeza bima ya mwanzo ya asilimia 1.75, yaani 4,053, na hiyo kwa kawaida inaingizwa ndani ya mkopo, unakuwa 235,653. Kwa mfano wa riba ya asilimia 6.5 na miaka 30, marejesho ni kama 1,489. Bima ya FHA ya kila mwaka, asilimia 0.55, ni 106 kwa mwezi. Weka 300 za kodi ya ardhi na 120 za bima ya nyumba (badilisha ukishapata za nyumba yenyewe, maana kodi ya ardhi inatofautiana sana kutoka wilaya moja ya shule hadi nyingine). Jumla ni 2,015.

2,015 kwa 6,200 ni asilimia 32.5. Ongeza gari 380. Mkopo wa chuo wenye malipo sifuri FHA hawaukubali kama sifuri: wanahesabu asilimia 0.5 ya salio, kwako 90. Jumla ya madeni yote ni 2,485, sawa na asilimia 40.

Faili likipita kwenye mfumo wa kompyuta wa FHA na kukubaliwa, uwiano huo hauna shida, mfumo hukubali hata wa juu zaidi. Likitupwa kwa mkaguzi wa kusoma kwa mkono, ukomo wa kawaida ni 31 kwa nyumba na 43 kwa madeni yote. Wewe una 32.5, umeshakwama kwa asilimia moja na nusu. Hapo utahitaji jambo la kufidia, na lililo karibu nawe ni akiba ya malipo ya miezi mitatu inayobaki benki baada ya kununua, yaani 6,045. Ukiwa nayo, ukomo unapanda kuwa 37 na 47.

Kwa hiyo kazi yako ya wiki hizi nane ni kuhakikisha faili halitupwi kwa mkono. Na kitu kinachoweza kulitupa huko ni lile deni la dukani la 2,150.

---

Mama Neema, Columbus

Asante sana ndugu yangu. Hilo la deni sijalielewa. Si nikilipinga tu litatoka?

---

Msoma Mafaili

Litatoka, lakini ukilipinga vibaya litakuumiza. Kwa FHA, madeni mabaya yaliyo chini ya pingamizi yakifika jumla ya dola 1,000 au zaidi, ukiacha ya hospitali, faili linashushwa kwa mkaguzi wa mkono. Lako ni 2,150. Ukianza kupinga Machi wakati mkopo unaendelea, umejifungia mlango mwenyewe.

Lifanye wiki hii. Chukua amri ya kufutiwa madeni na ukurasa wa Jedwali E/F (orodha ya madeni yasiyo na dhamana) ambapo jina la mdai huyo limeandikwa. Kama huna makaratasi, ingia PACER, tovuti ya mahakama za shirikisho: senti 10 kwa ukurasa, hati moja haizidi dola 3, na usipozidisha dola 30 katika robo ya mwaka hawakutozi kitu. Pakua faili lote, maana mkopeshaji naye atalitaka: ombi la kufilisika, majedwali yote, na amri. Kurasa zote, hata zile tupu.

Tuma nakala Equifax kwa barua ya rejista, na nakala nyingine kwa mdai mwenyewe. Eleza kwa sentensi mbili: deni hili lilifutwa kwa shauri namba fulani tarehe fulani, salio linatakiwa kusoma sifuri na maelezo kwamba lilijumuishwa kwenye ufilisi. Sheria inawapa siku 30 kwa kawaida. Wakisharekebisha, vuta ripoti tena annualcreditreport.com, ni bure kila wiki kwa kampuni zote tatu, uhakikishe na neno la pingamizi limeondolewa. Watu wengi huona salio limekuwa sifuri wakaridhika, kumbe lile neno limebaki palepale na linakuja kuwasumbua kwa mkopeshaji.

Angalia na madeni mengine yote yaliyofutwa, moja baada ya jingine, kwa kampuni zote tatu. Kosa la Equifax linaweza lisiwepo TransUnion, na kinyume chake.

---

Bi Hesabu

Niongeze kwenye alama na fedha za mkononi.

Kwa alama tatu, mkopeshaji hachukui wastani wala ya juu, anachukua ya katikati. Yako ni 628. FHA yenyewe inakubali asilimia 3.5 kuanzia 580 (kati ya 500 na 579 inataka asilimia 10), lakini wakopeshaji wengi wana ukomo wao wa juu zaidi, mara nyingi 620. Mmoja akikukataa kwa alama au kwa ufilisi, muulize: hiyo ni kanuni ya FHA au ni yenu? Kama ni yao, nenda kwa mwingine.

Lakini lenga alama 650, kwa sababu nyingine. OHFA, shirika la nyumba la jimbo la Ohio, linatoa msaada wa asilimia 2.5 au 5 ya bei ya nyumba, na linausamehe baada ya miaka 7 kama hujauza wala kubadilisha mkopo. Kwa nyumba yako asilimia 5 ni 12,000: inafunika malipo ya awali yote na kubakiza 3,600. Lakini kwa mkopo wa FHA wanataka alama 650. Umepungukiwa 22. Pia wana ukomo wa mapato na wa bei ya nyumba kwa kila kaunti, na kuna mafunzo ya mnunuzi, hivyo angalia mapema.

Alama 22 zinapatikana bila miujiza. Kadi yako ina kikomo cha 300 na deni la 240. Hiyo ni asilimia 80, na mashine ya kuhesabu alama inakuona kama mtu aliyebanwa. Lipa kabla ya siku ya kufunga hesabu ya mwezi, si siku ya mwisho wa kulipa, ili kinachoripotiwa kiwe chini ya dola 30. Usiifunge. Kama unaweza, ongeza dhamana kikomo kifike 500. Usifungue kadi tatu mpya kwa pupa, kila ombi linashusha alama kidogo na akaunti changa zinapunguza umri wa historia yako. Deni la Equifax likirekebishwa na kadi ikishuka, mkopeshaji anaweza kuagiza alama zihesabiwe upya kwa haraka, ndani ya siku chache. Wewe mwenyewe huwezi kuagiza hilo, lazima yeye. Na usishangae alama za kwenye programu ya simu zikiwa juu kuliko zake. Wakopeshaji wa nyumba kwa kawaida wanatumia matoleo ya zamani ya mfumo wa alama uitwao FICO.

Akitokea mtu anayetaka alipwe kwanza ndipo "akusafishie" ripoti, mkimbie. Sheria ya shirikisho inamkataza kuchukua malipo kabla ya kazi. Na anayekuuzia namba mpya ya kutumia badala ya namba yako ya hifadhi ya jamii anakuingiza kwenye jinai. Ushauri wa kweli unapatikana kwa mashirika yaliyoidhinishwa na HUD (wizara ya nyumba ya serikali kuu), piga 800-569-4287 wakupe lililo karibu nawe.

Sasa upatu. Hapa jamii yetu inajinyima haki yake bila kujua. Kitabu cha kanuni cha FHA kina kipengele cha vikundi vya kuweka akiba vya watu binafsi, na fedha yake inakubalika kama chanzo halali. Lakini lazima uthibitishe mambo matatu: kikundi kipo na kimekuwepo kwa muda gani, umepokea kiasi hicho kutoka humo, na fedha hiyo uliichanga mwenyewe, haujakopeshwa. Mwambie mweka hazina aandike barua yenye tarehe kilipoanza, idadi ya wanachama, mchango wa kila mwezi, na zamu yako. Ambatanisha taarifa za benki zinazoonyesha michango yako ikitoka. Kama ulikuwa ukichangia taslimu, onyesha fedha uliyotoa benki karibu na tarehe za mchango, na daftari la kikundi.

Angalia pia upo zamu ya ngapi. Ukipokea 6,000 katikati ya mzunguko halafu una miezi mingine sita ya kuchangia, mkaguzi anaweza kusema hili ni deni. Zamu ya mwisho ndiyo safi kuliko zote.

Kodi ya taslimu iache mwezi huu. Lipa kwa hundi au kutoka akaunti yako moja kwa moja. Faili likisomwa kwa mkono watataka miezi 12 ya kodi iliyolipwa kwa wakati, na risiti za kuandikwa kwa kalamu peke yake mara nyingi hazitoshi. Zitunze hata hivyo, na umwombe mwenye nyumba barua.

---

Wakili wa Jirani

Suala la mume hamjaligusa, na lina uzito.

Tangu 25 Mei 2025 FHA haimkubali mkopaji asiye raia wala mwenye grini kadi (kuna nafuu kwa raia wa nchi tatu za visiwa vya Pasifiki tu). Hadhi ya ukimbizi pekee haitoshi tena. Kwa hiyo mkopo unaandikwa kwa jina lako peke yako na mshahara wake hauhesabiwi. Hesabu ya ndugu hapo juu imetumia pato lako tu, ni sawa.

Upande wa pili, madeni yake nayo hayahesabiwi, kwa sababu Ohio si jimbo la mali ya pamoja ya wanandoa. Ndugu zetu wa Texas, Arizona, California na Washington wasichukue jibu hili kama lao: huko FHA inavuta na madeni ya mwenzi asiyekopa.

Lakini atasaini. Ohio bado ina ile haki ya zamani ya mwenzi wa ndoa juu ya nyumba ya mwenzake, na kampuni inayosimamia hati itamtaka mumeo asaini hati ya rehani kuiachilia haki hiyo. Kusaini huko hakumfanyi mdaiwa. Mwambie mapema awe na kitambulisho halali chenye jina lilelile lililo kwenye cheti cha ndoa. Tofauti ya herufi kati ya makaratasi ya kambini na ya hapa imewachelewesha wengi siku ya mwisho.

Wazo la yeye kukopa peke yake kwa mkopo wa kawaida, kwa kuwa hakufilisika na Fannie Mae inakubali wakaazi halali wasio na grini kadi: kwa 3,400, hata wakimruhusu nusu ya pato iende kwenye madeni, ni 1,700. Nyumba ya 2,015 kwa mwezi haiingii.

---

Mzee wa Dallas

Na aliye kwenye Chapta 13 je, bado analipa mpango wa mahakama? Mpwa wangu ana mwaka na nusu ndani ya mpango wa miaka mitano.

---

Msoma Mafaili

Mzee shikamoo. Anaweza, hahitaji kusubiri mpango uishe. FHA inataka awe amelipa angalau miezi 12 ya mpango, yote kwa wakati, na awe na ruhusa ya maandishi ya mahakama kuingia kwenye deni jipya. Ruhusa hiyo inaombwa na wakili wake kwa kueleza bei, riba na malipo ya mwezi, kwa hiyo atahitaji makadirio ya mkopeshaji kwanza, na aiwekee wiki kadhaa kwenye mkataba wa kununua.

Faili lake litasomwa kwa mkono bila ubishi, na malipo ya mpango yanaingia kwenye hesabu ya madeni. Hapo ndipo wengi wanaishia. Mpango wa dola 700 kwa mwezi unaweza kula nafasi yote ya asilimia 43. Na kama shauri lilitupwa na mahakama bila madeni kufutwa, mkopo wa kawaida unataka miaka 4 tangu kutupwa. Likimalizika vizuri na madeni kufutwa ni miaka 2.

---

Abu Sumaiya

Assalamu alaykum. Kwa tunaokwepa riba, muda ni uleule?

---

Bi Hesabu

Wa alaykum salaam. Jiandae kwa ule wa miaka 4. Kampuni za musharaka unaopungua (ubia wa kununua nyumba bila riba, sehemu ya kampuni inapungua unavyolipa) hapa Marekani kwa kawaida huuza mikataba yao kwa Fannie Mae au mwenzake Freddie Mac, kwa hiyo zinafuata kanuni za hao, ikiwemo ya ufilisi. Njia ya FHA ya miaka 2 huko kwa kawaida haipo.

---

Mama Neema, Columbus

Mungu awabariki. Barua ya Equifax inaondoka kesho, na upatu nimeshahakikisha: zamu yangu ni ya mwisho. Swali la mwisho: hiyo 106 ya bima kila mwezi inaisha lini? Na barua ya kueleza ufilisi niandike vipi?

---

Msoma Mafaili

Kwa malipo ya awali ya asilimia 3.5 haiishi, inakwenda na mkopo mpaka mwisho. Ukiweka asilimia 10 inakoma baada ya miaka 11. Njia ya wengi ni kubadilisha kwenda mkopo wa kawaida; kwako mlango huo unafunguka baada ya 12 Machi 2028, na umiliki wako ukifika asilimia 20 hutadaiwa bima kabisa. Kumbuka tu msamaha wa OHFA ni wa miaka 7, ukibadilisha mkopo kabla yake utaurudisha. Pigeni hesabu ya yote mawili siku hiyo.

Barua iwe nusu ukurasa. Kilichotokea, lini, kwa nini hakitajirudia, na tangu hapo umelipa nini kwa wakati. Tarehe zifanane na za mahakama. Usilaumu mtu na usiombe huruma, mkaguzi anatafuta sababu na ushahidi.

Andaa W-2 (fomu za mwajiri za mshahara na kodi ya mwaka) za 2024 na 2025 (ya 2025 mwajiri anaitoa mwisho wa mwezi huu), hati za mshahara za siku 30, taarifa za benki za miezi miwili, kurasa zote. Gharama za kufunga mauzo zinaweza kufika dola elfu kadhaa juu ya malipo ya awali, hivyo mwambie dalali wako aombe muuzaji achangie. FHA inamruhusu mpaka asilimia 6 ya bei.

Na kuanzia siku utakayoomba mpaka ukabidhiwe funguo, usinunue samani kwa mkopo, usimdhamini ndugu gari, usipokee fedha taslimu ukaziingiza benki. Ripoti inaangaliwa tena kabla ya kusaini, na mwajiri wako atapigiwa simu ndani ya siku 10 za mwisho kuulizwa kama bado uko kazini.